Damu Juu ya Pamba ya Kwandu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Damu tena chooni. Nyingi, na haina hata maumivu. Dawa ya bawasiri niliyonunua Bariadi haijasaidia kitu. Esteria ameuliza mbona siku hizi suruali zangu nafua mwenyewe. Nikamfokea. Nitamwambia nini mke wangu — kwamba natoka damu huko nyuma? Aibu!

Jumatano, 10 Julai 1996

Tangu makampuni binafsi yaruhusiwe kununua pamba, kituoni ni vurugu tupu, kila karani, mimi nikiwemo, anavutia wakulima kwake. Kizunguzungu kikanishika. Nikakaa juu ya pamba ya Kwandu, yule mama wa jumuiya yetu, alipokuwa anasubiri mizani. Niliposimama — doa jekundu, bichi! Suruali yangu nyeusi haikuonyesha kitu. Na Kwandu alikuwa ameikalia kabla yangu.

Nikamwinamia, nikanong'ona ili watu wasije kuangalia: mayu, mama yangu, umechafua pamba, hii naiandika fifi. Fifi! Pamba nyeupe namna ile, daraja la chini.

Akageuka kutazama nyuma ya kitenge chake. Hakuona kitu, lakini aliniamini. Akaniomba msamaha. Mimi! Akaitoa ile yenye damu kwa mikono yake, akaifunga kwenye kanga, akaondoka ameinamisha kichwa. Mimi ni mtu wa hovyo sana.

Jumamosi, 13 Julai 1996

Nimeanguka kwenye mizani. Niko wodini. Daktari ameingiza kifaa — sitaki hata kuandika. Si bawasiri. Ni mishipa ya damu iliyovimba ndani, karibu na njia ya haja kubwa. Anasema kichocho nilichokipata utotoni, kwa kuogelea ziwani kule Nassa, kimeharibu ini. Damu imekosa pa kupita, imejaa huko chini. Ni nadra, wengi wa namna yangu hutapika damu. Nimepungukiwa mno, inabidi niongezewe. Ya Esteria haioani na yangu. Ameenda kuwaomba wanajumuiya.

Jumapili, 14 Julai 1996

Walikuja baada ya misa. Iliyooana ni ya Kwandu.

Inaning'inia hapa juu, inashuka tone tone. Mwenyewe amekaa pembeni, ameniletea uji. Alinisalimu kwa Kisukuma: mwadila, karani. Kisha kwa sauti ya chini: asante kwa siku ile, ulinisitiri, mwingine angepiga kelele watu wote wakajua.

Nikafungua mdomo. Nikanywa uji.

Sasa ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nimemjibu, hesabu za pamba. Akatazama kwanza mlangoni kama kuna mtu. Akasema basi ile yangu ya siku ile usiiandike.