Mkuu Katema Karanga

Shoga weee, acha kila kitu usome! 😂

Mwalimu mwenzetu wa kemia, yule mpole hata nzi hamfukuzi, leo kasinzia kwenye semina ya kuwapa walimu motisha. Kasinzia mbele ya mgeni mtoa mada!

Kengele ya shule ikalia. Akakurupuka akidhani yuko darasani: "Kimyaaa! Wewe wa nyuma, tema unachotafuna!"

Wa nyuma ni mkuu wa shule. MKUU WA SHULE, shoga!

Na akatema. Karanga zote kiganjani 😭

Nikajua basi, kibarua cha mwenzetu kimeota nyasi.

Mgeni akamgeukia, anajikaza asicheke: "Mwalimu, nini kinakupa moyo wa kazi?"

Mwenzetu akamtazama mkuu na karanga zake.

"Kusikilizwa. Hapa shuleni, leo ndiyo mara ya kwanza."