Mjomba Asiyeonja

Kinole, 4 Februari 2025

Mdogo wangu Laurenti,

Salamu. Huku tu wazima, mvua inatosha, na kifua cha mama kimetulia. Hofu ni kwako, na safari hii ni hofu ya kweli, siyo ya kujazia barua. Nakuandikia kwa sababu simu uliiuza ukainywa. Barua anayo Rogers wa pikapu ya ndizi. Nimemwambia akukabidhi ukiwa umesimama.

Yule muuguzi alikwambia kila Alhamisi jioni kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, nyuma ya kanisa, hapo hapo Msamvu. Umeenda? Sikukuuguza hospitali ili urudi kufia kilabuni. Nenda, kaa, sikiliza, funga domo.

Dada yako,
Cecilia

Msamvu, 2 Machi

Shikamoo dada,

Mimi sijambo, mikono imeanza kutulia, naweza kushika spana na baiskeli za watu zinapona. Kikundi nimekiona na Alhamisi naenda. Ila usikasirike.

Nyuma ya kanisa kuna vyumba viwili. Kimoja watu walikuwa wanaimba. Kingine walikaa duara, kimya, na katikati yao nikamwona Ketan, mwenye duka ninaponunua vipuri. Haya zikanishika. Nikaingia kwa waimbaji. Wamenipa besi, tutaimba Pasaka. Hata hivyo dada, siku ya mazoezi sinywi.

Mdogo wako,
Laurenti

Kinole, 9 Machi

Laurenti,

Marahaba, ingawa huistahili. Wote wazima isipokuwa mimi, umeniumiza kichwa. Nimekutuma kwa wanaoacha pombe, wewe umejiunga na kwaya! Na hizo siku nyingine unafanya nini, unaimbia chupa?

Eti unamwonea haya Ketan. Kwani yeye mle ndani alikuwa anauza vipuri? Kilichompeleka ndicho kinachotakiwa kukupeleka wewe. Waachie watu besi yao, uhamie chumba cha pili.

Dada yako aliyechoka,
Cecilia

Msamvu, 12 Mei

Shikamoo dada,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Nimehamia. Ketan alinisogezea kiti, hakuniuliza kitu. Nilitaja jina langu, nikalia kama mtoto, na hakuna aliyecheka. Tangu hapo sijanywa. Hata togwa isiyolevya nikiiona naipisha njia. Nikibanwa na kiu nakwenda kukaa dukani kwa Ketan, naye akibanwa anakuja kukaa kwangu kwenye baiskeli. Nina furaha dada, ila naogopa.

Laurenti wako

Kinole, 30 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Mama amesomewa barua yako mara mbili. Huku kuna jambo jema: binti yangu Joyce atatolewa uwali mwezi wa nane. Kwetu unajua, pombe ya mwali haigawiwi mpaka mjomba aonje, na mjomba wa tumbo moja na mimi ni wewe tu. Wazee wameshakutaja. Ni funda moja, Laurenti, kisha urudi zako mjini. Usituangushe.

Dada yako,
Cecilia

Msamvu, 14 Julai

Shikamoo dada,

Mimi mzima, wewe ndiye sijui kama u mzima. Funda moja! Dada, tangu nizaliwe sijawahi kunywa funda moja. Uliyenifokea nikiwa kwenye kwaya ni wewe, leo unaniitia kibuyu?

Waombe wazee nionje togwa, au ile pombe niimwage yote chini kwa wahenga. Wakikataa, siji. Joyce nampenda, na najua mjomba asiyemsimamia mwali kwetu anahesabiwa amekufa. Basi na wanizike.

Laurenti

Kinole, 26 Agosti

Laurenti,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Tu wazima, mama anakusalimu.

Wazee niliwaomba bila kuwaambia sababu, walikataa togwa, walikataa kumwaga. Wakamsimamisha Geofrey, mtoto wa mama mdogo. Akaonja. Akaonja tena ili ahakikishe. Tunamtoa mwali nje, kanga mpya mabegani, vigelegele, mjomba haonekani. Tulimkuta kwenye migomba anakoroma, kiatu kimoja hana.

Mzee Tomasi akauliza mbele ya watu, "Kwani Laurenti mwenyewe yuko wapi?" Mimi miezi yote hii nimewaambia uko Dodoma kwenye mafunzo ya ufundi, na mdomo ulishafunguka kusema hivyo hivyo. Joyce akanitazama. Nikajisikia nasema, "Yuko Msamvu. Pombe ilikuwa inamuua, sasa anakwenda kwenye kikundi cha kuiacha. Hakuja kwa sababu mlitaka anywe."

Mama aliinamisha kichwa. Mzee Tomasi alitazama kibuyu chake, akakiweka chini. Joyce akashika mkono wangu, na mwali haruhusiwi kumshika mtu.

Haya, Kinole nzima inajua. Mambo ya Dodoma yamekwisha, siwezi tena kukufichia. Ninakuonea fahari na bado nakukasirikia, vyote pamoja. Alhamisi usikose, Laurenti. Ukikosa, mwongo ni mimi.

Dada yako,
Cecilia