Kiti Kilichoganda Mbele

Raskazone, Tanga
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima huko Kilwa, kifua kimekuachia, na dada Zuhura na mumewe hawajambo. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ukiondoa magoti. Shemeji Saidi, wewe unayemsomea mama, soma kama nilivyoandika. Najua tabia yako ya kulainisha maneno ya watu. Leo usilainishe. Nina hasira, mama, na nimekuomba radhi kabla ya kushika kalamu, maana nyingine zinakuhusu wewe.

Unalikumbuka lile gari la bwana wangu, yule Mgiriki wa mkonge? Lile jeusi la Kiamerika, alilolinunua kwa Mwarabu mmoja likiwa limeshazeeka. Ulipokuja kunitazama Mfungo Mosi, bwana na bibi walikuwa wameenda kwa jirani, nami nikataka kukutambia. Nikakukalisha mbele, nikabonyeza kitufe cha ubavuni, kiti kizima, maana cha dereva na cha abiria ni kimoja, kikaenda mbele polepole chenyewe. Ukapiga ukelele, "Yallah! Athumani, kinanipeleka wapi hiki?" Nikacheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaenda kukuletea maji ya kunywa. Laiti nisingalikwenda.

Sasa sikiliza. Wiki ya tatu tangu uondoke, kiti kikaharibika. Bibi ni mfupi, na kila Jumapili huendesha mwenyewe kwenda kuogelea, hukivuta mbele mpaka kifua kiguse usukani. Jumatatu mimi hukirudisha nyuma. Jumatatu ile nilibonyeza, kikaunguruma kidogo, pakanuka kitu kinachoungua, basi. Kimeganda mbele. Na urefu wangu unaujua, hata mlango wa nyumba yetu naingia nimeinama. Wiki mbili, mama, wiki mbili nimeendesha magoti yamekaa huku na huku ya usukani kama niliyekalia mbuzi nakuna nazi! Nikimwambia bwana gari liende kwa fundi, jibu lake ni "kesho". Kesho gani hiyo isiyofika? Yeye anakaa nyuma, amenyoosha miguu, anasoma gazeti.

Halafu akataka nimpeleke Amani, milimani, kwa rafiki yake. Njia ile ni kona juu ya kona. Katika kona moja goti langu likabanwa na usukani, ukakataa kuzunguka, gari likaelekea korongoni. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote na tairi likasimama kwenye majani ya ukingo. Unajua bwana alifanya nini? Hakuniuliza hata kama nimeumia. Alishuka akakagua rangi ya gari! Alipomaliza akanigeukia mimi. "Wewe navunja kiti yangu. Wewe naweka watu yako ndani, nacheza na kitufe. Kama fundi nasema ni wewe, toka, na barua hapana."

Hiyo barua, mama, ndiyo riziki yangu. Dereva aliyefukuzwa bila barua ya bwana wake hapa Tanga hapati usukani mwingine, atabeba magunia bandarini mpaka mgongo uvunjike. Nikaapa. Nilisema, "Wallahi bwana, hajakaa mtu wangu yeyote humu." Niliapa uongo, Mungu anisamehe, lakini moyoni nilikuwa na yakini kwamba mharibifu ni bibi, kwa jinsi anavyokigandamiza kile kitufe kama anaua kunguni.

Jumatano tukaenda Usagara, gereji ya Fundi Bakari, mzee mmoja wa Kidigo. Nami kwa kiherehere changu nikasema kwa sauti, "Fundi, king'oe kiti chote, bwana aone kwa macho yake." Mdomo wangu huu! Fundi akafungua nati nne, tukakiinua. Chini yake pana parafujo ndefu, ndiyo inayokisukuma kiti. Ilikuwa imezongwa uzi mweusi, mizunguko kwa mizunguko, na mwisho wa uzi unaning'inia kifuko cha ngozi. Hirizi.

Niliutambua mshono kabla ya kitu chenyewe. Ule mshono wako wa kurudia kila tundu mara mbili, mama, ndio ule ule uliounakshi kofia yangu ya Idi, na kofia hiyo ilikuwa kichwani mwangu saa ile.

Bwana akauliza, "Nini hii? Ya nani?"

Nikasema, "Sijui, bwana."

Fundi Bakari akakitazama kifuko. Akainua macho, akaitazama kofia yangu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Kisha akamwambia bwana, taratibu kabisa, "Hii ya mwenye gari wa kwanza. Watu wa pwani huweka." Bwana akacheka, akakitupa kwenye ndoo ya oili chafu. Mambo yakaishia hapo, na kazi ninayo.

Lakini kwa nini hukuniambia? Nimekwenda kukuletea maji, kumbe wewe unachomeka hirizi chini ya kiti cha watu! Najua uliogopa kiti kinachotembea chenyewe, ukataka nilindwe nisipate ajali. Ajali kidogo niipate kwa hiyo hirizi! Ungeninong'oneza tu ningeivaa, ni lini nimekukatalia kitu? Na hasara haijaisha. Mota imeungua, ya kubadilisha hapa haipatikani, kwa hiyo kiti kimekazwa kwa nati kisitembee tena. Bibi akaamuru kikazwe pale pale mbele. Naendelea kukuna nazi.

Kesho yake asubuhi nilirudi Usagara peke yangu. Fundi Bakari alikuwa ameshaitoa hirizi kwenye ndoo ile, ameifuta, ameitundika msumarini. Akanipa, akasema, "Nilijua utakuja." Hakuniuliza lolote. Afadhali angeniuliza.

Nisalimie dada Zuhura, na shangazi, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeiandika hirizi yenyewe. Mwambie kazi yake ni kali, imesimamisha gari la Kiamerika. Saidi, nawe ahsante kwa kusoma, kama hukuruka mahali.

Mama, hasira zangu kwa bwana zitapoa, na zangu kwako zimeshaanza kupoa nikiwa naandika. Zisizopoa ni zile nilizo nazo juu ya nafsi yangu. Nimeulizwa mbele za watu kazi ya mikono yako ni ya nani, nikajibu sijui. Hirizi yako nimeifunga kwenye mkono wa kulia, inanuka oili, na uzi umebaki kipande. Ukinishonea nyingine, uzi uwe mfupi, na uje unifunge mwenyewe nikiwa nakuona. Atakayeniuliza ni ya nani, nitamwambia.

Ni mimi mwanao,
Athumani