Kwako Kapteni, Uliyeniapisha Al Wukair

Kapteni wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Miaka sita nikiwa kipa wako wa kriketi nilijifunza lugha yako. Sasa na wewe, huko ulikorudi kwenu, tafuta mtu akusomee.

Kamati ya mashindano imeniomba niandike sifa zako, zisomwe Ijumaa kabla ya fainali, maana kombe la uungwana linapewa jina lako. Sifa unazo, sitakudhulumu. Ulitoka Australia ukatukuta sisi walinzi tukipiga kriketi ovyo kwenye vumbi la Al Wukair, hapa Qatar, ukatufanya timu. Hata leo vijana wanasimama uwanjani vile ulivyotupanga sisi. Siku niliyoteguka mguu ulinibeba mgongoni hadi kwenye gari. Nilikupenda sana.

Sasa nimalizie.

Unaikumbuka fainali yetu na timu ya madereva. Mwamuzi hatukuwa naye. Desturi ilikuwa, likizuka la shaka, aliyedaka anaapa kwamba aliuwahi mpira kabla haujagusa chini, na mpigaji anatoka bila ubishi. Bashir, yule dereva Mpakistani, aliugusa mpira kidogo kwa gongo lake la kupigia, nikaudaka nyuma yake. Mpira ulikuwa umeshagonga chini. Mimi niliona, na wewe hatua mbili kando yangu uliona.

"Bhai, ni safi?" akaniuliza, akiniita ndugu kwa lugha yake.

Kabla sijafungua mdomo ukadakia, "Mwapie, tumalize." Wewe ndiye uliyekuwa bosi wangu kazini, na likizo yangu ya kwenda Mombasa ilikuwa ikingoja sahihi yako.

Nikaapa kwa jina la Mungu. Bashir akatia gongo lake kwapani, akatoka. Ulinipiga bega ukicheka: "Fainali ndivyo zinavyochezwa, mzee."

Nimefunga, nimetubu, nimelia kwenye sijda. Moyo haukutulia. Juzi nikamfuata Bashir kwenye mkahawa wa chai kule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nikamweleza yote. Alikoroga chai mpaka ikapoa.

"Kumbe," akasema. "Mimi niliacha kucheza. Nilidhani macho yangu ndiyo yameharibika."

Ijumaa barua hii nitaisoma mwenyewe mbele ya timu zote. Jina langu litaanguka pamoja na lako, na iwe hivyo.

Bashir amenisamehe pale pale. Alipotaka kukutaja na wewe katika msamaha huo, nilimshika mkono. Nikamsihi msamaha wako auzuie, mpaka upande ndege uje umwombe kwa mdomo wako. Amekubali.

Ni mimi,
kipa wako