Kopo la Vifungo Limepungua Kimoja, Mama

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu ututoke, na bado mtu akibisha hodi sote tunanyamaza kwanza.

Kunyamaza huko ulitufundisha wewe. Nyumba za wengine mtu akisema hodi hujibiwa karibu kabla hajamaliza neno. Kwako aliulizwa: "Nani?" Kisha: "Umetumwa na nani?" Kisha: "Uko na nani?" Maswali matatu, umeliegemea geti kwa bega lako zito, mkono uko kwenye komeo. Majirani walisema mke wa fundi saa ana roho ya kutu. Wanawake tisa waliokuwa nyuma ya geti hilo, kila mmoja kamkimbia mtu wake, hawakusema hivyo.

Uliuguza majeruhi wodini miaka thelathini. Ulipostaafu tulidhani utapumzika, kumbe ndiyo kwanza ulikuwa unafunga kibwebwe. "Nimechoka kumshona mtu yule yule kichwa na kumrudisha kwa yule yule aliyempasua," ulisema, ukatuhamisha mimi na Dada kwenye chumba kimoja ili vyumba vingine vipate watu. Huduma ilianza hivyo, bila bango wala sherehe. Ulikwenda kituo cha polisi na kigoda chako mwenyewe, ukamkalisha mwenye kulalamika, wewe ukasimama saa mbili nzima. Safari ya tatu askari waliona haya wakaanza kukutolea kiti.

Si wanawake tu. Chumba cha mbele kilikuwa cha watu wazima wasioweza kujiangalia na wasio na wa kuwaangalia. Kulikuwa na yule mama aliyekuwa akificha vidonge shavuni. "Tema tuanze upya, mwanangu. Mimi nina siku nzima," ulimwambia, na kweli ulikaa siku nzima. Kulikuwa na Babu wa Redio, ambaye si babu wa yeyote kati yetu, aliyekuwa akimjibu mtangazaji kila anachosema. Akisikia "hamjambo wasikilizaji" anaitikia "hatujambo, sijui wewe." Tukimcheka unatukata jicho. "Angalau yeye anasikiliza taarifa mpaka mwisho," ulisema.

Jioni ukiwa umetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, swali lako lilikuwa moja. "Geti mmefunga? Mmeangalia mara mbili?" Mimi na Dada tulikuwa tukikuigiza, bega tumelitoa hivi, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Siku hizi hakuna anayekuigiza. Tunauliza kwelikweli.

Tukumbuke na lile kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vya makoti na mashati. Mwanamke akiondoka kwako kwenda kuanza maisha mahali pengine, hukumwomba anwani. Ulimpa kifungo kimoja cha nguo. "Ukifika mahali unapoweza kulala usingizi, kirudishe," ulimwambia. Hakuna barua, hakuna jina, kifungo tu, kupitia mtu anayejulikana. Wengine walirudisha baada ya wiki, mmoja baada ya miezi saba, na siku kilipoingia ulikitumbukiza koponi ukaimba, Mungu akusamehe sauti ile. Baba aliuita ushirikina wa muuguzi. Miaka kumi na moja, Mama, na hakuna kifungo kilichopotea.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu Dada ameniambia nisipolisema mimi atalisema yeye.

Ulipofariki, tangazo la msiba niliandika mimi, kitinda mimba wako, niliyesifiwa tangu shule kwamba naandika vizuri. Nilitaka watu wajae. Nikaandika kwamba waombolezaji wote wafike nyumbani kwa marehemu, nyuma ya karakana ya magari, mkabala na duka la dawa, nyumba yenye geti la bluu. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba ni nyumba ambayo akina mama wengi walipata hifadhi. Likatoka gazetini, likasomwa na redioni. Babu wa Redio aliliitikia: "Ndiyo, ni hapa hapa!" Sote tulikuwa tunalia, hakuna aliyesikia tulichokuwa tumetangaza. Miaka kumi na moja ulikaa umeegemea geti lile, na mimi nilililaza wazi kwa mistari sita.

Kwa sababu msiba hauna hodi. Geti lilifunguliwa pande zote mbili, watu wakaingia.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, aliingia mwanamume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Poleni sana," alisema. "Mama yenu alikuwa mtu wa watu." Nilimshukuru. Nilimkaribisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikamwekea na mto wa kukalia kando ya Babu wa Redio.

Hakuukalia. Aliugeuza mto ule, akawa anapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, mpaka kwenye pembe.

"Mito mizuri," alisema. "Nani kawashonea?"

"Tulinunua sokoni."

"Soko gani?"

Nikajifanya nanyoosha mkeka. Alitabasamu kidogo. "Huu mkono naujua mimi. Kwenye pembe anarudia mara tatu. Cherehani yenyewe nilimnunulia mimi."

Ndipo nilipomjua, Mama: ni yule aliyekimbiwa. Yule binti tuliyemwita Fundi kwa ushonaji wake, aliyekuja kwako na taya limefungwa kwa kitenge, aliyeshona kila mto na kila shuka la nyumba ile, alikuwa jikoni anakanda unga, hatua kumi kutoka pale. Na kabla sijafungua kinywa, Babu wa Redio, ambaye hajui kusema uongo na wewe ulimpenda kwa hilo, alisema kwa furaha: "Kashona Fundi! Fundi wetu! Yuko jikoni!"

Yule mtu akasimama.

Hapo ndipo Dada alipopiga kelele. Dada yetu mwalimu, ambaye tangu ufariki hakuwa ametoa chozi hata moja, hadi shangazi wakaanza kumsema, alijitupa miguuni mwa yule mtu akamkumbatia magoti. "Mamaaa! Mama ameniacha na nani mimi!" Wanawake wakamkimbilia, wakamzunguka, wengine wakaangua kilio juu yake. Yule mtu alinasa katikati kama aliyekanyaga tope. Anasukuma, anasema "jamani, jamani," na Dada anazidi kung'ang'ania. Baadaye nilimuuliza kama alikuwa anaigiza. Alisema alianza kwa kuigiza.

Jikoni, Baba alikuwa ameshasikia. Alichukua kopo rafuni, akatia mkono, akamwekea Fundi kifungo kwenye kiganja chenye unga. "Sheria ni ile ile, mwanangu," alimwambia. Akamfungulia mlango wa nyuma. Fundi alitoka na ndara, bila mtandio, bila kugeuka.

Yule mtu alipofika jikoni alikuta beseni la unga na mzee anayetengeneza saa. "Unatafuta nini, bwana?" Baba alimuuliza. "Maji tu," alijibu, akanywa, akarudisha bilauri mahali pake, akaondoka.

Baada ya hapo alikuwa anasimama karibu na karakana. Hafanyi kitu, anasimama. Tulikwenda polisi, wakatuambia kusimama barabarani si kosa. Kila nikichungulia namwona na lile shati lake. Nilidhani hakuna hofu inayozidi hiyo. Kisha, mwezi wa tatu baada ya msiba, akaacha kuja. Tulipokuwa tunamwona pale, Mama, angalau tulijua hayuko kwa Fundi.

Tumehama. Nyumba ile sasa ina watu wengine, na geti wamelipaka rangi nyingine. Wageni wako bado tunawatunza, na wapya wameongezeka, kwa sababu shida haikukufuata kaburini. Anayekwenda kituoni sasa ni Dada, na kigoda chako. Baba amepunguza saa za watu, anakaa getini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: juzi mleta gesi aliulizwa maswali hadi akasahau alichokuja kuleta. Babu wa Redio bado anasikiliza, lakini hajibu tena. Mtangazaji anasalimia, yeye anatazama mikono yake. Ukimuuliza vipi, anasema, "Mimi nina mdomo mbaya." Nimemwambia mara nyingi kwamba mdomo mbaya ulikuwa wangu, ulikuwa na kalamu. Hasadiki.

Na kifungo hakijarudi. Kila jioni Baba anamwaga kopo mezani chini ya taa yake ya saa, anavipanga kwa ukubwa, anavirudisha. Kuna kimoja hakipo. Rangi yake na matundu yake anayajua yeye na Fundi peke yao. Niliwahi kumuuliza. Alinitazama kwa upole akasema, "Hilo wacha likae kwangu, mama." Ana haki.

Dada hakutaka kumbukumbu hii itoke. "Tangazo lilituponza mara moja, unataka tena?" alisema. Baba ndiye aliyekata shauri. "Tangazo lilimtoa," alisema, "acha tangazo limtafute." Kwa hiyo nimeandika, na Dada amepitia kila mstari kwa kalamu yake nyekundu, akafuta karibu nusu. Nami nimeisoma tena mara mbili, nisije nikawa nimeacha kitu cha kumwonyesha mtu njia.

Fundi, kama unasoma, au unasomewa: hatuulizi uko wapi. Usiandike, usipige simu, usije. Rudisha kifungo tu. Njia ni ile aliyokuonyesha Mama siku yako ya kwanza. Kama kimevunjika, leta nusu. Na kama anayesoma ni yule aliyegusa mito yetu, ajue kwamba Baba ametengeneza saa miaka arobaini na kifungo cha bandia hakiwezi kumpita.

Mama, nina ombi moja, naliogopa hata kuliandika. Ikiwa kifungo hakirudi kwa sababu Fundi amekwisha kufika huko uliko, usimuulize yale maswali matatu. Tafadhali. Akibisha hodi, mwambie karibu.

Unakumbukwa na mumeo, fundi wa saa, na binti yako mkubwa, mwalimu, aliyejifunza kulia kwa ajili yako, na shangazi zetu wote, ambao sasa hawamsemi tena, na wajukuu zako wawili, ambao wanadhani kila nyumba huulizwa "uko na nani?", na Babu wa Redio, na yule mama wa vidonge, anayemeza vyote siku hizi na kufungua kinywa tuone, na wanawake ambao hatuwaandiki hapa, na mimi, kitinda mimba wako, niliyeandika lile na hili.

Siku zote tutakukumbuka, Mama. Geti tumefunga. Tumeangalia mara mbili.