Wito Uliotiwa Saini Mara Mbili

Duka la Ushonaji, Chumba cha Nyuma,
S.L.P. 214.
Jumatano, 12 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa ubishi, au umekubali mkongojo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako kikohozi kimemwacha, kelele zake ndizo zimebaki.

Ulinicheka nilipochaguliwa makamu mwenyekiti wa tume ya maadili ya halmashauri. Ulisema kazi ya makamu ni kunywa chai na kuitikia, na kusema kweli nami niliichukua hivyo hivyo. Sasa sicheki, dada. Naogopa.

Unamkumbuka muuguzi wa zahanati, yule niliyemshonea gauni la harusi? Alileta malalamiko kwamba mwenyekiti wa halmashauri amempa shemeji yake kiwanja cha zahanati. Tukakubaliana kumwita mkubwa huyo ajieleze Jumatatu ijayo. Mwenyekiti wetu wa tume, mwalimu mstaafu, akautia saini wito.

Jana nilikuwa napanga majalada nikagundua kosa. Kanuni zinasema mwenyekiti wa tume anakaa mwaka mmoja tangu siku ya kuchaguliwa. Sisi sote tulihesabu tangu siku ya kuapishwa, kwa kuwa ndiyo siku tuliyopigwa picha, na picha yenyewe imetundikwa ukutani na tarehe yake. Kati ya siku hizo mbili kuna wiki tatu. Mwalimu alisaini siku tano baada ya muda wake kwisha. Wito ule si kitu. Shauri lingetupwa, na jina la muuguzi limeshajulikana.

Nilimkimbilia mwalimu nyumbani kwake. Alivua miwani, akaifuta weee, kisha akasema, "Muda wangu ukiisha, makamu ndiye anayeshika kiti mpaka tuchague. Tangu wiki iliyopita mwenyekiti ni wewe, mwanangu."

Yaani wito mpya utoke kwa jina langu. Mimi fundi cherehani, ambaye mume wangu ni dereva wa halmashauri hiyo hiyo!

Leo asubuhi msaidizi wa mkubwa kaja na suruali yake nipunguze urefu. Nikaipima, ilikuwa inamtosha sawasawa. Nilipomwambia, akatabasamu. "Basi iache tu, mama. Nilitaka kuona unapokaa."

Alipoondoka nilishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Shemeji yako sijamwambia.

Mchana nilifunga duka nikaenda kuusaini wito mpya. Utapelekwa kesho. Nikisikia hatua nje ya mlango nasimamisha cherehani nisikilize, na ninavyojijua, wakinibana sana naweza kusema saini si yangu. Ndiyo maana nakala ya wito nimeitia ndani ya bahasha hii. Iweke mahali pakavu. Ukisikia nimekana, ipeleke kwa mwalimu, usinionee huruma.

Nisalimie mama mdogo, shemeji na wajukuu wote, hasa yule Kidomo asiyenyamaza. Mungu awafunike huko mliko, nasi atukumbuke huku.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi

Chini ya jina nimesaini kama nilivyosaini kwenye wito. Zilinganishe, dada, uone mkono ni mmoja.