Bakuli la Baba Lililorudi Tupu

Kijiji cha Beizhai,
Wilaya ya Qishan,
Shaanxi.

9 Novemba 2018

Mpendwa Wifi Baolian,

Pokea salamu kutoka nyumba ulimozaliwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Urumqi, na kwamba goti la mume wako limepata nafuu kabla baridi haijakaza. Vaa soksi mbili, nakufahamu. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri, anatembea mpaka dukani bila fimbo, na anasikia yale tu anayotaka kuyasikia.

Ngano imekwisha kupandwa na imeota. Siki ya mwaka huu imeiva vizuri. Nimekuwekea chupa mbili.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Najua ndugu yako Genwang alikutumia video ya sikukuu ya Baba kutimiza miaka themanini na mitano, nawe ukamjibu kwamba ilipendeza. Video haina ladha, Wifi.

Tangu Mama alipofariki, sufuria ya supu ya tambi katika siku ya Baba imekuwa mikononi mwangu. Sikujipendekeza. Mke wa mtoto wa kwanza ndiye hupika, na hata baada ya kaka yako kututangulia, hakuna aliyeninyang'anya upawa. Mwaka huu Genwang aliingia jikoni akisugua viganja, kama afanyavyo akiwa na hila.

"Shemeji, safari hii upumzike kidogo. Peishan anataka kujaribu. Si amejifunza kwako mwenyewe?"

Peishan ni yule bi harusi wa Guangdong aliyeolewa na Haobo, mwana wa Genwang. Ni kweli alijifunza kwangu. Kiangazi chote alisimama ubavuni pangu, "Mama Mkubwa" hivi, "Mama Mkubwa" vile, nami nikamfundisha kila kitu: kukata nyama ya nguruwe vipande vyembamba, kuikaanga taratibu katika mafuta yake, kuitia siki mapema na pilipili ya unga mwishoni. Nilimfundisha kusukuma unga mpaka uwe mwembamba kama karatasi. Mikono yake ni myepesi. Siwezi kusema uongo.

Lakini siku yenyewe aliamka alfajiri akachemsha mifupa, akapunguza siki, akapunguza na chumvi. Nilionja kwa ncha ya kijiko.

"Peishan, hii haina ukali."

"Mama Mkubwa, kwetu supu hupikwa inyweke."

"Hapa si kwenu. Hapa supu haijanyweka tangu dunia iumbwe."

Alicheka kwa adabu, wala hakuongeza hata tone.

Umekaa mbali miaka mingi, kwa hiyo nakukumbusha. Supu yetu huwa kali kwa makusudi, kwa sababu kazi yake ni kuzipa tambi ladha. Mtu hula tambi, akaacha supu. Na katika siku ya Baba, ile anayoiacha humiminwa tena sufuriani, ili kila mmoja wetu apate sehemu ya umri wake. Nyumba nyingi zimeacha jambo hilo. Yetu haijaacha.

Peishan alimwaga upawa wa kwanza nje ya mlango kwa ajili ya wazee waliotangulia, kama nilivyomwonyesha, kisha akampelekea Baba bakuli kwa mikono miwili. Baba alimaliza tambi. Halafu akaliinua bakuli, akanywa. Alikunywa, Wifi, mpaka bakuli likamfunika uso.

Jirani yetu Mzee Diao, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akapaza sauti: "Lo! Mzee kanywa baraka yetu yote! Anataka aishi peke yake?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Baba akapangusa ndevu, akasema, "Tamu. Niongezee."

Miaka yote niliyompikia hajawahi kuniambia "tamu". Mimi huniambia "imeiva".

Wageni nao wakanywa, kwa kuwa Baba amekunywa. Meza za nyuma hazijapata kitu, sufuria ikawa tupu. Genwang akanijia mbio. "Shemeji, tuokoe! Supu imekwisha, na Baba hajaturudishia hata tone!"

Nikafunga aproni. Nyama ya akiba ilikuwapo, na siki ilikuwapo. Niliipika kama alivyokuwa akipika Mama, hata Haobo akakohoa akiwa mlangoni. Nikampelekea Baba bakuli. Alikula tambi, akaacha supu yote, mafuta mekundu yakielea juu. Nikaimimina sufuriani mbele ya watu, na kila mmoja akala. "Hapo sawa!" akasema Mzee Diao. Peishan akanishika mkono. "Mama Mkubwa, bila wewe ningeaibika." Alisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kwa desturi, nilishinda. Lakini ninamwonea wivu binti yule. Ninaliandika neno hilo kwa herufi zilizonyooka, usije ukadhani mkono umeteleza. Juzi nilimkuta Baba chumbani na kikombe cha supu yake ya mifupa. Aliponiona, alikificha nyuma ya gazeti, kama mwanafunzi.

Genwang ameniuliza nani ashike upawa mwakani. Nimemwambia Peishan apike supu ya Baba ya kunywa, nami nipike ile ya kurudishwa sufuriani. Amefurahi sana, akasema nina busara. Sina busara. Nimechoka kuvizia bakuli la mtu.

Wewe utakuja sikukuu ya Mwaka Mpya. Nitakupikia supu yangu, kali kama ilivyo siku zote. Sikuombi uvunje desturi mbele za watu. Ingia jikoni, funga mlango, uinywe mpaka chini nikikutazama. Ikikuunguza koo, vumilia.

Nisalimie mume wako, na umbusu mjukuu wako Anran. Baba anakusalimu, na Peishan pia. Mbingu zikulinde na zikufikishe kwetu salama.

Mke wa kaka yako, akupendaye daima,

Yan Suqin